Direktrisi wa Pambazuko

Niseme wazi toka mwanzo, maana hapa Muyinga watu mpaka leo wananiuliza: ile kampuni haikuwepo. Hapakuwa na vitenge, hapakuwa na stoo, hapakuwa na faranga hata moja. Kulikuwa na darasa moja la shule yetu ya biashara kule Gitega, meza sita, kompyuta tatu ambazo moja kati yake ilishakufa, na maboksi matupu tuliyoyaomba madukani. Hayo yote kwa pamoja yaliitwa Pambazuko, wauzaji wa vitenge kwa jumla na rejareja, na direktrisi wake, yaani mkurugenzi, nilikuwa mimi, Kadidja, mtoto wa Aboubakar fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili.

Mwalimu wetu Longino alikuwa mtu wa Giheta aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi na Kiswahili kilichonyooka mpaka sisi Waswahili wa mjini tunaona haya kufungua mdomo mbele yake. Siku ya kwanza alitusimamisha akatuambia: "Bidhaa ni za kufikirika, wanangu. Lakini bei ni za kweli, adabu ni ya kweli, na kuchelewa kazini ni kuchelewa kweli." Kila Jumatano na Ijumaa tuliacha kuwa wanafunzi. Tulivaa makoti ya buluu na kuuza vitenge visivyokuwepo kwa kampuni za shule nyingine, Ngozi, Bujumbura, hata Muyinga, nazo zinatuuzia kahawa isiyokuwepo. Benki nayo ilikuwa ya wanafunzi. Mwisho wa mwezi kila mtu anapewa karatasi ya mshahara. Yangu ilikuwa laki moja na themanini elfu, na nilikuwa naibandika ukutani juu ya kitanda.

"Direktrisi," baba ananitania, "si unikopeshe basi pesa ya sukari?"

Jamani, niliipenda kazi ile! Niliipata kwa kuhojiwa, si kwa kupendelewa. Vijana wawili walitaka kiti changu, nikawashinda kwa mdomo huu huu mnaosema ni mrefu. Nilikuwa na miaka ishirini, nimebakisha mwaka mmoja nifanye mtihani wa serikali, na nilikuwa nimeshapanga: nikimaliza naenda chuo kikuu, nasoma biashara mpaka mwisho, kisha nafungua kampuni yenye vitenge ndani. Sikutaka kitu kingine duniani. Ule mwaka mmoja tu.

Balaa lilianzia kwenye picha. Siku ya Idi nilimtumia shangazi Mwajuma picha kwa simu. Shangazi ni dada yake baba, ameolewa hapa Muyinga, na mdomo wake hauna breki. Pichani nimekaa nyuma ya meza, mbele yangu kibao kimeandikwa Direktrisi, nyuma yangu wafanyakazi kumi na wawili wamevaa buluu, na mkono wangu uko juu ya muhuri. Shangazi hakuuliza swali. Na kwa nini aulize? Kwetu sisi watu wa biashara hakuna mtu anayecheza biashara. Ukimkuta Mswahili nyuma ya meza yenye muhuri, meza ni yake. Kabla jua halijazama picha ilikuwa imezunguka Muyinga nzima, na ikatua kwenye simu ya mama Hidaya, mwenye butiki, duka kubwa la mchele na sabuni karibu na soko.

Mama Hidaya ana mtoto mmoja wa kiume, Matata. Kila wiki Matata anakwenda Buhinyuza kununua maharage kwa wakulima, mara nyingine anafika mpaka mpakani. Haikupita muda, wazee watatu wakagonga kwetu Gitega na posa.

Nilimfuata baba kwenye cherehani yake.

"Baba, umewaambia ukweli?"

"Ukweli gani?"

"Kwamba kampuni ni ya kujifunzia! Kwamba ni darasa!"

Baba alikuwa anatia uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba. "Bon. Mi sikuulizwa. Wamesema, mtoto wako iko direktrisi. Mi nikajibu, ehe, iko direktrisi. Uongo uko wapi?"

"Baba!"

"Kule shule wanakuitaje? Si direktrisi?"

"Nimebakisha mwaka mmoja, baba. Mmoja tu."

Akaiweka sindano chini. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika, maana kwenye hasira mimi namuweza. "Kadidja, dada yangu amesema mbele ya watu. Mi nimeshaitika mbele ya watu. Sasa we unataka nikatoke nje niseme Mwajuma ni muongo? Ataishi vipi kule?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Nikisema ukweli, shangazi anaaibika mji mzima. Nikinyamaza, naolewa. Usiku kucha niligeuka kitandani, karatasi zangu za mshahara zikinitazama kutoka ukutani, mpaka nikapata akili. Au nilidhani nimepata. Shule ilikuwa inaandaa siku ya wazazi, kila mtu anaruhusiwa kuja kuona kampuni inavyofanya kazi. Nikamwambia baba: waalike. Waje waone kwa macho yao, hakuna atakayesema shangazi alidanganya, watasema alidanganyika. Mtu akidanganyika anachekwa siku mbili, basi.

Mama Hidaya akaja, pamoja na shangazi. Mwanamke mnene, mchangamfu, pete vidole vinne, macho yanazunguka kila kona kabla miguu haijaingia. Nilivaa koti langu la buluu nikampokea mlangoni.

"Karibu Pambazuko, mama. Nikuonyeshe stoo yetu."

Nikashusha boksi la kwanza, nikalifungua, nikalipindua chini juu. Hakuna kitu. Nikashusha la pili nikalitikisa karibu na sikio lake.

"Unasikia nini, mama?"

"Sisikii kitu."

"Kwa sababu hamna kitu. Na hili hamna. Na lile pale hamna. Pesa zetu ni makaratasi. Wateja wetu ni watoto wa shule kama sisi. Hii kampuni yote ni somo."

Shangazi Mwajuma alishika kiti. Nilimuonea huruma, wallahi, lakini moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Nikajiona niko huru tayari.

Mama Hidaya hakutikisika. Akavuta kiti, akakaa mbele ya meza yangu, akatazama kile kibao, kisha akapiga meza kwa kiganja. "Bon, direktrisi! Kitenge chenu nimekifua mara moja tu, rangi yote imetoka. Mi nataka pesa yangu!"

Mwalimu Longino akanitazama. Na mimi, mjinga mimi, mdomo mimi, ningeweza kusema sijui, nimwite mwalimu, niangushe kila kitu. Lakini mtu amekuja kwenye meza yangu na malalamiko. Sikuweza. Nilishindwa kujiharibu.

"Pole sana, mama," nikasema. "Kaa vizuri kwanza. Umekifua kwa maji ya moto au ya baridi?"

"Ya moto! Nimfulie nani kwa baridi?"

"Basi kosa ni letu pia, tulipaswa kukuambia. Pesa hatuwezi kurudisha, lakini nakubadilishia. Na kwa kuwa umesumbuka, chagua cha pili, hicho nakupunguzia."

"Unipunguzie nusu."

"Nusu tutafunga duka, mama, halafu mwakani utanunua wapi? Nakupa kumi kwa mia."

Akabishana. Nikabishana. Akasimama kana kwamba anaondoka, sikumuita, akarudi mwenyewe. Mwisho wake alikuwa amekubali vitenge viwili na mkono uko ndani ya mkoba unatafuta noti, ndipo akakumbuka kwamba vitenge havipo. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Darasa zima likapiga makofi. Yasmina, muhasibu wangu, alikuwa anapiga meza kwa ngumi zote mbili. Na mwalimu Longino, Mungu amsamehe, akasogea akasema kwa kile Kiswahili chake kizuri: "Mama, sijawahi kufundisha mtu kama huyu."

"Yoo! Nimeona!" Mama Hidaya akamgeukia shangazi. "Mwajuma, huyu ameniuzia boksi tupu! Mi niko na butiki imejaa mpaka kwenye dari, na watu wananiibia mchana kweupe. We ulidhani mi nilifuata kampuni? Kampuni niko nayo. Mi niko natafuta mtu."

Shangazi akaachia kile kiti. Nikaona rangi inarudi usoni mwake, na mimi nikahisi yangu inaondoka.

Nilijaribu mara ya mwisho. Nilisimama wima, nikafunga kifungo cha koti. "Mama, kama mnatafuta msimamizi wa duka, sisi hapa tuna utaratibu. Tunaandika kazi ni ipi, saa ni ngapi, mshahara ni kiasi gani. Halafu mtu anajibu."

Akanipigapiga shavu taratibu, kwa mapenzi kabisa. "Mshahara wa nini, mwanangu? Mtu analipwa nyumbani kwake?"

"Na shule yangu?"

"Shule ziko Muyinga pia. Nani atakukataza?"

Siku ya ndoa nilikuwa chumbani na wanawake, nimefunikwa, mashahidi wako mlangoni. Wakamtuma shangazi aje kuniuliza kama nimekubali. Mnajua desturi yetu: msichana haya inamzuia, kwa hiyo akinyamaza amekubali. Akitaka kukataa ndio aseme. Mimi ambaye tangu nizaliwe sijapitwa na neno, nilimtazama shangazi, nikamuona baba nyuma ya mashahidi ameinamisha kichwa. Hasira ilikuwa nyingi mno, haikupata mlango wa kutokea. Nikanyamaza.

"Amenyamaza," shangazi akatangaza. "Amekubali!"

Vigelegele vikajaa nyumba.

Sasa niko hapa Muyinga. Butiki ni ya kweli, hilo silikatai. Mchele, sabuni, mafuta, maharage ya Buhinyuza, magunia yamepangwa nyuma yangu mpaka juu, kushoto magunia, kulia magunia, mbele ubao wa kuuzia. Kutoka, inabidi mtu ainue ubao kwa upande wa nje. Asubuhi mama mkwe ananiingiza, jioni ananitoa. Anapenda kukaa kwenye kigoda hapo pembeni akichambua maharage na droo ya pesa karibu na magoti yake, ufunguo wake umefungwa kwenye ncha ya kanga. Matata si mtu mbaya. Akirudi safari ananiletea ndizi, ananiuliza nimechoka, analala. Siku niliyomkumbusha habari ya shule aliniuliza: "Ukienda shule, butiki iko na nani?" Aliuliza kwa wema kabisa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Juzi akaingia msichana na koti la buluu.

Moyo ulinipasuka. Akajitambulisha kwa heshima, anaitwa Raissa, anatoka shule ya hapa hapa Muyinga, wana kampuni ya mazoezi na mwalimu wao amewatuma sokoni kutafuta bei za kweli. Nikamtajia bei ya mchele, bei ya sabuni, bei ya mafuta. Alikuwa anaandika haraka, ulimi ameutoa kidogo pembeni ya mdomo.

"Vitenge hatuulizi," akasema, "tunanunua Gitega, kwa Pambazuko. Direktrisi wao Yasmina ni mkali, mama, hapunguzi hata kidogo!"

"Mwambieni awape kumi kwa mia," nikasema. "Mkisimama kuondoka msigeuke. Atawaita. Yasmina hana subira."

Akanishangaa kidogo, akacheka. Kisha akafungua ukurasa mwingine. "La mwisho, samahani. Mishahara nayo inabidi ifuate soko. Msimamizi wa butiki kubwa kama hii analipwa kiasi gani kwa mwezi?"

Pale pembeni, vidole vya mama Hidaya vikasimama kwenye maharage.

Nilimtazama yule msichana, koti limepigwa pasi, kalamu iko hewani inangoja. Nikajibu: "Laki moja na themanini elfu."

Akaandika. "Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Na karatasi yake wananipa."

"Una bahati, mama," akasema, akanishukuru, akatoka na koti lake la buluu mpaka barabarani, nami nikamsindikiza kwa macho mpaka alipofika kwenye kona.

Nikageuka. Mama Hidaya alikuwa bado ananitazama. Hakukanusha mbele ya mtoto wa watu, na hata sasa hakusema kitu. Nikaegemea ubao, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani:

"Amenyamaza. Amekubali!"

Akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kama alivyocheka siku ile darasani. "Direktrisi!" akasema. "Yoo, direktrisi wangu!"

Kisha akafunga droo kwa ufunguo, akaufunga kwenye kanga, akaendelea kuchambua maharage.