Kompyuta Iliyoshiba

Dada yangu alinunua saa ya ukutani wiki ileile aliyosema duka halina uwezo wa kununua kompyuta mpya. Hapo ndipo machale yaliponicheza. Saa ya zamani ilikuwa nzima, inatembea bila taabu. Hii mpya aliitundika juu ya rafu ya vitambaa, ikitazamana na stuli yangu, mahali ambapo mteja akitaka kujua ni saa ngapi lazima akaribie kuvunja shingo. Nikamuuliza kwa nini asiiweke juu ya mlango, wote tuione.

"Msumari uko pale," alisema, wala hakuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa anakata.

Mimi si mtoto wa kunyamazishwa kwa pipi. Nilinyamaza mwenyewe, ila tangu siku hiyo jicho langu moja lilikuwa kwenye sindano na la pili kwake.

Duka letu ni la sare za shule. Dada ndiye mwenyewe: anapima watoto, anakata, anapokea wateja na kukaa kwenye kompyuta. Mimi naendesha mashine ya kutarizi, ile inayoshona nembo ya shule kifuani mwa sweta. Mashine hiyo haijui kitu peke yake. Nembo zote zimo ndani ya kompyuta, zinaifikia kwa waya. Kompyuta ikikwama, sindano inasimama hewani nami nabaki nimekunja mikono, wazazi wamenikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyepanga shule zifunguliwe.

Na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Foleni inaanzia kaunta inaishia nje kwenye ngazi, watoto wanalia, kina mama wanagombana nani alitangulia. Kompyuta nayo, ukiandika jina la mteja, herufi zinajitokeza moja moja kama watu waliolazimishwa kwenda kwenye mkutano. Ukibofya nembo, kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, mpaka mteja anakusimulia maisha yake yote na ya wakwe zake.

"Dada, tubadilishe hii kitu," nilimwambia.

"Msimu ukiisha."

"Msimu ukiisha nitakuwa na haraka ya nini?"

"Nimesema msimu ukiisha."

Lazima niseme kilichokuwa kinaniwasha. Chumba cha jirani kilikuwa cha fundi viatu. Alipohama, dada akakichukua, akaniahidi mbele ya mama kwamba msimu huu ukienda salama, mashine ya kutarizi itahamia kule, na mimi nitakuwa na kazi yangu, wateja wangu na ufunguo wangu. Ufunguo wenyewe aliuchanganya na funguo zake kiunoni, na kila alipoinama kupima mtoto ulikuwa unalia. Niliutaka ufunguo ule kuliko nilivyotaka kuolewa, na mama yetu anajua nilivyotaka kuolewa.

Sasa mtu anayekuahidi chumba, halafu anang'ang'ania kompyuta inayokwamisha kazi yako katikati ya msimu, utamwelewaje? Mimi nilimwelewa hivi: anataka msimu usiende salama. Pengine chumba keshampa mtu mwingine.

Tukamwita fundi wa kompyuta. Sisi tunamwita Daktari kwa sababu hutembea na mkoba mweusi na kila mashine kwake ni mgonjwa. Huyo naye sikumwamini. Fundi ambaye pia anauza kompyuta ni kama muuza majeneza anayekupima homa. Aliibonyeza kidogo, akakuna kidevu.

"Mkibadilisha leo," alisema, "mtapoteza siku nzima kuhamisha nembo, na sina uhakika kama mpya itaelewana na mashine yenu ya kutarizi. Msipobadilisha, mtapoteza kidogo kidogo kila siku. Chagueni maumivu."

"Tutasubiri," dada alisema.

"Basi niifungue ndani nione inakula nini."

"Usiguse huko!"

Alisema kwa sauti iliyomshtua hata mtoto aliyekuwa anapimwa kaptula. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kufunikia, akamwambia Daktari kwamba ndani kuna mambo ya wateja, vipimo vya watu, siri za watu. Tangu lini kiuno cha mtoto wa darasa la pili kikawa siri? Daktari akanitazama, nikamtazama, akafunga mkoba wake.

Baada ya hapo nikaona mengine. Neno la siri la kompyuta lilibadilika. Zamani lilikuwa jina la mama, tulilitumia wote. Sasa dada alikuwa ananifungulia mwenyewe asubuhi, amekinga kibodi kwa mkono kama mtoto anayekataa kuibiwa majibu. Nikikaribia wakati ameketi pale peke yake, skrini inakuwa nyeusi. Akiniita, anatanguliza, "Mdogo wangu kipenzi." Dada yangu hajaniita kipenzi tangu tulipoacha kulala kitanda kimoja.

Basi alipotoka kwenda kununua vifungo, nilivuta droo yake. Nilitafuta chochote kuhusu kile chumba. Nilikuta chaki, sindano zilizokunjika na dawa za kichwa. Siku nyingine nikajaribu neno la siri: jina la baba, jina la mume wake, hata jina la yule paka wetu aliyekufa. Kompyuta ikakataa yote, tena polepole, kila mara ikifikiria kwanza kama inisaidie. Nilirudi kwenye stuli yangu, nikainua macho kuangalia saa ili nijue dada atarudi lini. Ile saa mpya ilinisaidia sana siku hizo.

Siku ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa akaja mwalimu mkuu mmoja, mama mnene mpole, kuchukua sweta za shule yake yote. Tulikuwa tumezimaliza kasoro za kidato kimoja. Nilipanga ya kwanza kwenye fremu, dada akabofya nembo, na kaduara kakaanza kuzunguka. Halafu kakasimama. Skrini ikatoa maneno kwamba hakuna nafasi iliyobaki, kisha ikaganda kabisa.

"Ni kitu kidogo tu," dada alimwambia mwalimu mkuu. Jasho jembamba lilikuwa linamtoka juu ya mdomo.

Mwalimu mkuu akakaa kwenye benchi, akapakata mkoba wake. "Nasubiri," alisema, kwa ile sauti ya walimu ambayo hata mtu mzima inamfanya achomekee shati.

Nilimpigia Daktari bila kuomba ruhusa ya mtu. Alipofika aliizima, akaiwasha, ikaomba neno la siri. Sote tukamgeukia dada. Dada akakunja vidole vyake, akavikunjua.

"Haiwezekani kuitengeneza bila kuingia ndani?"

"Mama, mimi ni fundi, si mganga," Daktari alisema.

Dada akaandika. Hakukinga kwa mkono safari hii, na nikaliona: lilikuwa jina langu mimi, lile la utotoni. Nilishangaa kiasi kwamba sikufuata alichokuwa anafanya Daktari mpaka nilipomsikia akipiga mluzi.

"Hii kompyuta haijazeeka," alisema. "Imeshiba."

Skrini nzima ilikuwa imejaa vipicha vidogo, safu juu ya safu, na kila kipicha nilikuwamo mimi. Mimi nakata uzi. Mimi napiga miayo. Mimi nakula nimegeukia ukuta. Mimi nimelala kichwa juu ya sweta za watu. Daktari akavishusha na havikuisha. Kisha akainua kichwa, akaangalia picha zilikuwa zinapigwa kutoka upande gani, na macho yetu sote yakapanda kwenye saa.

"Kuna kamera mle," Daktari alisema. "Inarekodi mchana na usiku na kumwaga kila kitu humu. Mashine ya watu itapumua saa ngapi?"

Nilihisi mwili mzima umevuliwa nguo. Sikumwangalia dada, maana ningemrushia mkasi.

"Unanichunga," nilisema. "Mimi. Ndugu yako wa tumbo moja."

"Nilikuwa nachunga wezi."

"Wezi wanaingilia kwenye stuli yangu?"

Dada akamnyang'anya Daktari kipanya, akabofya. Picha ikaanza kutembea, nami nikajiona nimeinama kwenye droo yake, matako juu, nafukua chaki na dawa za kichwa. Kisha nikajiona kwenye kibodi, nakosea, najaribu tena.

"Haya," alisema. "Niambie ulikuwa unatafuta nini. Watu wameniambia ukishapata chumba chako utaondoka na wateja wangu. Nikasema haiwezekani, mdogo wangu mimi? Halafu nakuona hivi."

"Nilifungua droo kwa sababu ulibadilisha neno la siri!"

"Nilibadilisha kwa sababu ulifungua droo!"

"Mwongo! Ulinitundikia saa kabla sijagusa kitu chako chochote!"

"Ulianza zamani, ila nilikuwa nakustahi!"

Daktari akakohoa. "Tarehe zimo humu," alisema. "Nikiifungua ya kwanza kabisa, itajulikana nani alianza. Ila itachukua muda. Na ikizidiwa ikaganda tena, sijui kama itarudi leo."

Sindano ya mashine yangu ilikuwa imesimama hewani juu ya sweta, tayari. Nilitaka kuiona ile ya kwanza. Nilitaka hata nikose chakula wiki nzima lakini niione, nimwonyeshe, nimpelekee na mama aione. Nilijua nina haki. Halafu nikamwona dada ameitazama skrini kwa macho yaleyale, naye anajua ana haki, na kwa mara ya kwanza nikaingiwa na hofu kwamba pengine ni kweli.

"Wanangu," mwalimu mkuu alisema kutoka kwenye benchi, "mimi nimefuata sweta. Asubuhi watoto watasimama mstarini."

"Futa," nilimwambia Daktari.

"Zote?"

Nilimwangalia dada. Alikuwa anasubiri nibadilishe mawazo, namjua, alikuwa anasubiri hasa.

"Zote," nilisema. "Na ile saa iteremshwe."

Dada mwenyewe ndiye aliyepanda rafu kuiteremsha. Ilikuwa na waya mwembamba uliopita nyuma ya vitambaa mpaka kwenye kompyuta, na alivyokuwa anauvuta vitambaa vilimwangukia kichwani kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyecheka. Daktari alipomaliza, kompyuta iliwaka haraka hata tukadhani amekosea. Dada akabofya nembo, na kabla hajatoa mkono sindano yangu ilikuwa imeanza kushona. Tulifanya kazi mpaka mwalimu mkuu akaondoka na mafurushi yake, na hatukusema neno lisilohusu sweta.

Siku zilizofuata tulisemeshana kama watu wa ofisini. Asante. Karibu. Nipe mkasi. Niliumia kuliko nilivyotegemea, na nilikasirika kwamba naumia. Mama alipiga simu akauliza tuna nini. Kila mmoja akamjibu kwamba ni uchovu.

Msimu ulipoisha kompyuta mpya ikanunuliwa, kama dada alivyosema tangu mwanzo. Daktari alileta boksi, na mimi nikasogeza vitu kwenye meza ya dada kumpisha. Dada akatikisa kichwa.

"Si hapa. Hii ina nafuu sasa, itanitosha. Mpya ipeleke chumba cha pili."

Kisha akachomoa ufunguo kwenye zile funguo za kiunoni. Ulikuwa umekaza, alivunja ukucha. Akauweka kaunta katikati yetu, hakunipa mkononi.

Unadhani nilifurahi? Kitu cha kwanza nilichojiuliza ni kwa nini anipe mimi ile mpya. Niliuchukua ufunguo, nikashukuru, nikatoka nje mpaka mlango wa pili. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi na bado kinanuka gundi ya viatu. Daktari aliweka boksi sakafuni akaenda kuchukua meza. Nilibaki peke yangu katikati ya chumba changu, chumba nilichokiota, na sikuangalia sakafu wala dirisha wala mahali mashine itakapokaa. Niliangalia kona za dari, moja baada ya nyingine.

Nilipogeuka dada alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Unatafuta nini?" aliuliza.

"Buibui," nilisema.

Dada akaingia, akakiburuta kiti cha fundi viatu kilichoachwa nyuma ya mlango, kile chenye mguu mmoja mfupi, akakisukuma kwenye kona yenye giza kuliko zote. Akapiga magoti, akakishika kwa mikono miwili kisiyumbe.

"Panda," alisema. "Angalia vizuri."

Nikavua viatu, nikapanda.