Nani Atashika Usukani

Mpimaji alikuwa mtu wa kuchagua. Miaka yote aliyowapimia watu viwanja hakuwahi kukubali mpaka uliopinda hata kidogo, na viatu alinunua kwa mtindo huohuo: anajaribu, anavua, anauliza, anaahidi kurudi kesho. Kwa hiyo mkewe, mkunga mstaafu, hakushangaa walipozunguka bandari ya mashua karibu mwaka mzima bila kununua kitu. Walikuwa wamekubaliana tangu watoto wakiwa shuleni kwamba wakistaafu watauza nyumba, wahamie kwenye mashua ya matanga, waende bandari hadi bandari mpaka wachoke.

Mashua ya kwanza ilivutia kwa nje. Mpimaji akainua ubao wa sakafu, akatia mkono, ukatoka na maji meusi yanayonuka dizeli.

"Hii imepakwa poda tu," akasema.

Ya pili ilikuwa na mlingoti mpya na jiko zuri, lakini Mkunga alipojilaza kitandani, miguu ikagonga ukuta. "Nimelaza watu maisha yangu yote," alimwambia dalali wa mashua, "sasa ni zamu yangu kulala. Tafuta nyingine."

Ya tatu ilikuwa ya bluu, ndefu, yenye vyumba viwili na matanga makubwa. Mpimaji alizunguka sitaha mara moja, akashuka chini, akapanda. Hakuinua ubao wowote.

"Tunachukua," alisema.

Mkunga alimvuta pembeni. "Baba watoto, hata chini hujatazama."

"Nimetazama vya kutosha."

"Wewe? Wewe uliyemrudisha seremala mara nne kwa sababu ya mlango wa choo?"

"Tukiendelea kuchagua, tutazeekea huku huku nchi kavu," akajibu, na sauti yake ilikuwa kali kuliko maneno yenyewe.

Moyo wa Mkunga haukutulia. Nyumba ilikuwa imeshapata mnunuzi. Nusu ya vyombo ilikuwa kwenye maboksi. Na mume wake, ambaye hakuwa na haraka hata siku ya harusi yao, sasa alikuwa anakimbizwa na kitu asichokisema.

Dalali alitaka waijaribu mashua majini kabla ya kutia saini. Walitoka asubuhi, upepo ukiwa wa wastani. Dalali alikwenda mbele kupandisha tanga, Mpimaji akashika usukani, Mkunga akakaa kulia kwake na kamba mkononi. Upande wa kushoto kulikuwa na mtumbwi mdogo, mwanamume na mwanamke wakipiga makasia. Yule mwanamke aliwapungia mkono. Mkunga naye akampungia. Mashua ikazidi kuwasogelea, na Mkunga akawaza: atageuza sasa. Mwanamke wa mtumbwini akaacha kupunga, akaanza kupiga kelele.

"Kushoto! Kushoto kwako!" Mkunga alipayuka.

Mpimaji aligeuza kichwa chote, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma. Mkunga hakungoja. Aliachia kamba, akaurukia usukani na kuuzungusha kwa nguvu zake zote. Tanga likapiga kofi hewani, dalali akaanguka kwa magoti, na chini ubavuni kukasikika mlio wa mti unaovunjika. Ilikuwa ncha ya kasia la mtumbwi. Wale wawili walikuwa wazima, wakitetemeka na kutukana.

"Mzee, watu walikuwa mbele ya pua yako!" dalali alifoka.

"Jua lilinipiga machoni," akasema Mpimaji.

Jua lilikuwa nyuma yao.

 Waliporudi nyumbani na kuingia jikoni, Mkunga alimkalisha mumewe kwenye kiti kilichobaki, akasimama kushoto kwake na kuinua vidole.

"Vingapi?"

"Acha michezo, mama watoto."

"Usigeuze kichwa. Vingapi?"

 Bomba lilikuwa likidondosha maji.

"Sijui," alisema.

Kisha akasema yote, taratibu. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limebaki na mwanga tu, na la kulia limeanza kupungua pembeni. Dawa za matone alikuwa akizificha gereji, ndani ya kopo la misumari. Daktari alimwambia kabla hawajaitangaza nyumba.

"Na ukaniacha niuze nyumba yangu."

"Ningekuambia, usingekubali."

"Ndiyo maana ulipaswa kuniambia! Wale watu wangekufa leo. Ungewaambia nini watoto wao, kwamba jua lilikupiga?"

Mpimaji alitazama mikono yake. "Nilitaka kuona bandari mbili tatu. Kabla macho hayajazimika."

Mkunga alitamani kumkumbatia, na alitamani kumzaba kofi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua sufuria iliyokuwa safi, akaanza kuiosha.

Mashua ya bluu waliiacha. Nyumba ilibidi wamkabidhi mnunuzi, wakapanga vyumba viwili juu ya duka la viatu. Mpimaji mwenyewe alimpigia simu binti yao, kwa kulazimishwa, na kutoka chumba cha pili Mkunga alimsikia akirudia, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Najua." Kwa wiki kadhaa walizungumza mambo ya chumvi na ufunguo tu.

Halafu Mkunga akaanza kutoka asubuhi na kurudi jioni, uso umemvimba kwa jua, viganja vimechubuka. Mpimaji aliuliza mara moja tu.

"Najifunza kuendesha mashua," akajibu. "Leo nimetapika mara mbili. Usiniulize tena."

Hakuwa amemsamehe. Ila alijua kwamba akimfungia mtu huyu kwenye vyumba viwili mpaka giza limkute, hatajisamehe yeye mwenyewe.

Mashua ya nne aliichagua Mkunga: fupi, ya zamani, kamba zake zote zimeletwa nyuma ili mtu mmoja aweze kuiongoza akiwa ameketi. Mpimaji aliinua kila ubao. Alipapasa kila kona kwa vidole, akakuta unyevu chini ya dirisha, wakamtaka dalali azibe.

"Nahodha ni mimi," Mkunga alimwambia. "Jicho la kulia likishuka zaidi, tunarudi. Na ukinificha kitu tena, nakuteremsha bandari ya kwanza."

"Hata kama ni kisiwa?"

"Hasa kama ni kisiwa."

Siku waliyoondoka bahari ilikuwa na mawimbi mafupi yenye hasira. Mkunga aliushika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Mpimaji alikuwa mbele, amempa mgongo, na baada ya muda Mkunga aliona mabega yake yakitikisika. Analia. Hakuweza kuacha usukani amfuate.

"Baba watoto!" aliita. "Njoo ukae huku nilipo. Naogopa."

Alikuja akipapasa kamba ya pembeni, hatua kwa hatua, akakaa, akamshika goti.

Walifika bandari ya jirani alasiri. Walikaa pale wiki nzima, kwa sababu Mkunga hakuthubutu kutoka tena, na Mpimaji hakumharakisha. Wiki ilipokwisha, walifungua kamba, wakaendelea.