Nani Angenyamazisha Mizinga

Tangu mwaka wa themanini na nne silipendi neno "pamoja". Kanisani wakisema tuombe pamoja, mimi naomba kivyangu. Shuleni mwalimu mkuu akisema tutaamua pamoja, namwuliza mbele ya watu: mwisho wa maneno ni nani ataamua? Wananiona mkorofi. Na waone. Mama yangu aliuawa katika mazoezi ya pamoja, mchana kweupe, mimi nikiwa nimezungukwa na watu wenye vyeo, na wote walikuwa watu wazuri.

Jina langu ni Mutindi. Wakati huo nilikuwa nafundisha Mbumbuni, nilikoolewa, lakini kwetu ni Kitui, upande wa mashariki, kwenye mto unaoitwa Kilungya. Nasema mto kwa heshima tu. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, na ule ulikuwa mwaka wa ukame. Maji yako chini. Unachimba kwa mikono na kibuyu mpaka yajitokeze, unachota kidogo kidogo, ukimaliza unafunika kwa matawi ya miiba ili ng'ombe wa watu wasitumbukie. Ukikiacha kisima siku chache mchanga unaporomoka, unaanza upya. Mama yangu, Syokau, alikuwa na kisima chake alichokichimba tangu kiangazi kianze mpaka kikafika kimo cha mtu, na alikilinda kuliko alivyowahi kutulinda sisi watoto wake.

Mwezi wa nane chifu aliitisha baraza. Jeshi letu na jeshi la wageni kutoka ng'ambo yangefanya mazoezi katika eneo letu, kwa makombora ya kweli. Watu wote walio kati ya vilima viwili waondoke mashambani na majumbani mwao, wahamie kwa jamaa mpaka waambiwe warudi. Mama alisikia vizuri kabisa. Alifunga mlango, akachukua mbuzi, kuku na kitanda, akahamia kwa kaka yake, mjomba wangu Musembi, upande wa pili wa kilima. Alitii neno kwa neno. Shamba lilikuwa lake, ameambiwa aliache, akaliacha. Lakini mto si shamba la mtu. Kwetu hakuna aliyewahi kumfukuza mwenzake mtoni, hata kama koo zenu hazisemezani. Chifu alisema mashamba na majumba, basi watu wakahama mashamba na majumba. Mto hakuna aliyeufikiria, na sidhani kama chifu mwenyewe aliufikiria. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla mizinga haijaanza, mama alimtanguliza punda akaenda kuchota, akarudi.

Shule zilipofungwa nikaja kumwona. Nilimkuta mjomba uani akinoa panga. Nikamwuliza mama yuko wapi.

"Ameenda mtoni," akasema. "Leo amechelewa kidogo. Kisima kilikuwa kimebomoka, alisema ataanza kwa kutoa mchanga."

Hata hajamaliza kusema, ardhi ikatikisika chini ya miguu yetu, na kuku wakakimbilia chini ya ghala.

"Hiyo iko mbali," mjomba akasema.

Nikamwuliza, mbali na wapi. Niliacha mfuko wangu palepale nikaanza kukimbia.

Njiani kulikuwa na kizuizi na bendera nyekundu, na pale kizuizini alisimama Sajini Mulei wa jeshi letu, Mkamba mwenzetu. Aliinua mkono.

"Madam, hapa hakuna kupita."

"Mama yangu ako huko ndani."

"Huko hakuna mtu. Tulitoa watu wote."

"Mlimtoa kwa shamba," nikamwambia. "Yeye ako kwa mto, anachota maji."

Mkamba haelezwi jambo hilo mara mbili. Nilimwona akielewa, nikaona na uso wake ukibadilika. Alinishika mkono, akanipandisha kilimani mbio mpaka kwenye hema la wakubwa.

Huko nilimkuta Kapteni Muturi, mtu wa Murang'a, mpole, mwenye sauti ya shemasi. Ndiye aliyewekwa na jeshi letu kukaa bega kwa bega na wageni. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo siwezi kumnyima. Akachukua darubini akatazama nilikomwonyesha. Lakini mto unapinda pale, ukingo unauficha, na ukiwa kilimani unaona vilele vya miti tu.

"Mwalimu, una hakika ako huko?"

"Nina hakika."

"Umemwona na macho?"

"Sijamwona. Lakini najua mama yangu."

Aliniamini. Niliona kwamba ameniamini, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi. Akamgeukia meja wa wageni, mzungu mmoja aliyekunja mikono ya shati, wakaongea Kiingereza. Mimi Kiingereza nakifundisha, kwa hiyo nilisikia yote. Meja alisikitika sana. Alisema mizinga ni yake, ni kweli, lakini kwa mapatano ya serikali zetu mbili, usalama wa wananchi uko mikononi mwa Kenya. Yeye aliambiwa na Kenya kwamba eneo ni tupu. Kenya ikimwambia rasmi kwamba si tupu, atasimamisha mara moja. Kapteni peke yake si Kenya, akasema, bila dharau yoyote. Anataka kusikia kwa mkuu wake.

Mkuu wake, kanali, alikuwa Kitui mjini. Wakamtafuta kwa redio. Koplo aliyeshika redio akanisogezea sanduku nikae karibu naye. Mizinga ikapiga tena. Kanali akapatikana, akaelezwa, akasema kuhamisha raia si kazi ya jeshi, ni kazi ya utawala wa mkoa. Bwana D.O., afisa wa tarafa, ndiye aliyethibitisha kwamba eneo limehamwa. D.O. akifuta neno lake, yeye kanali atawaomba wageni wasimamishe.

D.O. alikuwa palepale hemani, Bwana Musyoka, kijana wetu kabisa, tena mama yake alikuwa akiimba kwaya na mama yangu. Alisimama, kikombe bado kiko mkononi.

"Dada, nakuelewa," akaniambia. "Lakini mimi nilithibitisha kwa niaba ya D.C. Nikifuta, nitafuta na mamlaka ya nani? Wacha nimtafute. Ni dakika tu."

Simu ya D.C., mkuu wa wilaya, ilibidi ipitie kituo cha polisi. Mizinga ikapiga tena. Mimi nilikuwa nikisema tafadhali. Nilisema tafadhali kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kikamba. Nilimwambia Kapteni Muturi, naomba, wambieni waache kidogo tu, hata kama nimekosea mtanifunga. Akaniambia, "Mwalimu, tunafuata njia. Tunafuata njia haraka tuwezavyo." Na kweli walikuwa wakifuata. Hakuna aliyekaa, hakuna aliyecheka, hakuna aliyenifokea. Hayo ndiyo yaliyonichanganya. Ningejua namna ya kupigana na mtu mbaya.

D.C. akapatikana. Alisema wasimamishe, bila hata kuuliza maswali. Neno lake likateremka njia ileile ombi langu lilipopandia: kwa D.O., kwa kanali, kwa kapteni, kwa meja. Mizinga ikanyamaza. Nikawashukuru mmoja mmoja, nikampa kila mtu mkono.

Tuliteremka mtoni mimi, Kapteni na Sajini Mulei. Punda alikuwa amesimama kwenye mchanga na mitungi mgongoni, hana hata mkwaruzo. Mama alikuwa amelala kando ya kisima chake, na kibuyu bado kimo mkononi. Sitasema zaidi ya hapo. Nilimfunika kwa leso yangu. Sajini Mulei alivua kofia yake akaketi chini kwenye mchanga, na kapteni akabaki amesimama akimtazama punda.

Mwaka uliofuata kulifanywa uchunguzi wa kifo katika mahakama ya Kitui. Serikali ilikuwa imeshatuletea pole, na jeneza, na gari la kubebea jeneza. Sikutaka zaidi. Sikutaka hata mtu afungwe. Nilitaka kitu kimoja, na mjomba Musembi alikitaka kuliko mimi: jina la mtu ambaye angeweza kusimamisha mizinga na hakusimamisha. Mjomba hakuwa amemlilia dada yake. Alisema hajui amkasirikie nani, na kwamba machozi hayatatoka mpaka ajue.

Kesi ilikuwa kwa Kiingereza, na mkalimani aliwafasiria mashahidi tu. Mjomba akakaa kwenye benchi karibu nami, mimi nikawa namnong'onezea kwa Kikamba. Kila aliyepanda kizimbani mjomba aliniuliza, "Ni huyu?"

Wakili wa wageni alisoma maelezo ya meja, ambaye alikuwa amesharudi kwao. Meja hakuwa na mamlaka juu ya raia wa Kenya. Nikamwambia mjomba, si huyu. Kanali akasema hakuwa na mamlaka juu ya mizinga ya wageni wala juu ya wananchi. Si huyu. D.O. Musyoka alitoa ushahidi huku machozi yanamtoka, akasema mamlaka yake yalikuwa ya kukopeshwa na D.C. D.C. akasema aliamuru mara tu alipoambiwa, na hilo lilikuwa kweli. Kila mmoja aliongea ukweli mtupu. Nilikaa pale nikiona maiti ya mama yangu inapitishwa kwa heshima kutoka mkono hadi mkono, na hakuna aliyekubali kubaki nayo.

Shahidi wa mwisho alikuwa mwanasheria wa jeshi letu, Meja Waithaka. Alikuja kueleza namna amri zinavyopangwa majeshi mawili yanapofanya kazi moja. Alieleza vizuri kama mwalimu aliyejiandaa: hapa anaamuru huyu, pale anaamuru yule, hiki hakihamishiki bila sahihi ya kile. Hakimu, mzee mwembamba aliyekuwa akiandika kila neno kwa mkono, alifika mahali akaweka kalamu chini.

"Meja, nimesikia ni nani hakuwa na mamlaka. Sasa niambie. Asubuhi ile, kwa sheria, nani angeweza kusimamisha mizinga?"

Meja Waithaka alishangaa swali lenyewe, kana kwamba ameulizwa jua linatokea wapi.

"Yeyote, mheshimiwa."

Hakimu akaichukua tena kalamu yake.

"Eleza," hakimu akasema.

"Amri ya kupiga ina mwenyewe, mheshimiwa. Mapatano yote haya ni juu ya amri ya kupiga. Neno la kusimamisha halina mwenyewe. Mtu yeyote aliyepo akiona hatari, au akidhani ameiona, anatamka neno hilo, na wapigaji lazima wanyamaze kwanza, maswali baadaye. Ni hivyo kwetu, ni hivyo kwa wageni, na ni hivyo tukiwa pamoja. Dereva anaweza. Mpishi anaweza."

"Na raia je?"

"Hata raia, mheshimiwa. Akilitamka kwenye redio, mizinga inanyamaza. Anayelisema haulizwi cheo."

Hakimu akamwita tena Kapteni Muturi. Akamwuliza kama alilijua jambo hilo. Kapteni alisimama akishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Nililijua, mheshimiwa. Ni somo la kwanza tunalofundishwa uwanjani. Tukiwa peke yetu ningetamka bila kufikiri. Lakini hapa tulikuwa na wageni, na mapatano, na utawala. Nilidhani yakiwa ya pamoja lazima yana sheria nyingine. Niliogopa kulitumia neno ambalo si langu."

Akakaa chini. Hakuna aliyemtazama.

Nimesomesha watoto miaka mingi, nimewaambia watu wakubwa ukweli usoni, sijawahi kukosa la kusema. Siku ile nilisahau hata kumfasiria mjomba.

Mjomba akanigusa goti. Alikuwa ameona nyuso za watu, akajua kitu kimesemwa.

"Ni huyu?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi amesema nini? Nani angeweza?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimtazama, mzee wa watu, koti la kanisani, macho makavu yaliyongoja mwaka mzima jina moja. Nikamwambia kwa Kikamba kama lilivyosemwa. Yeyote aliyekuwa pale. Mwenye cheo na asiye na cheo. Alipaswa kutamka tu kwenye redio, na wangenyamaza.

Nilimwona akiwapitia mmoja mmoja, kapteni, D.O., yule mzungu, sajini, koplo. Kisha akafika mwisho wa safu, akageuka polepole akanitazama.

"Hata wewe?"

"Hata mimi, mjomba."

"Na redio ilikuwa wapi?"

Nilipeleka mkono mbele kumwonyesha ilipokuwa, na hata haukuhitaji kunyooka wote.

"Nani alikukataza kusema?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua.

"Hakuna aliyenikataza," nikamwambia. "Nilikuwa naomba ruhusa."