Samaki wa Mjomba

Siku hizo fundi bomba hakuingia kwa dada yake mikono mitupu. Kila alipokuja alikuwa na mfuko wa nailoni umejaa maji, ndani yake samaki, na mzaha wa kumchekesha mpwa wake aliyelala sebuleni, mguu kwenye plasta. Akishawamimina kwenye tangi la kioo la mpwa wake, huyo, anaaga. Kukaa hakukai. Mguu ule hakuweza kuutazama.

Mtaro uliouvunja ulikuwa wake. Aliuchimba nyuma ya nyumba kutafuta bomba lililopasuka, akaenda kunywa chai bila kuufunika, na binti akatumbukia akikimbilia kuanua nguo. Dada alipouliza mbao za kufunikia ziko wapi, fundi akasema aliziweka, labda yule mtoto wa jirani aliziondoa akicheza. Uongo mtupu. Tangu binti arudi kutoka hospitali, mtoto wa jirani, shoga wa kufa na kuzikana wa mpwa wake, hakukanyaga tena pale. Binti akabaki na tangi lake la kioo na samaki wachache wa mikia mirefu. Fundi akaona hapo pana pengo, na yeye kazi yake ni kuziba.

"Mjomba, wametosha," binti alimwambia zaidi ya mara moja. "Wanagongana."

"Wapi! Maji niachie mimi. Humu hata kambare anaingia."

Alipima maji kama mtu wa mabomba anavyopima, wala hakujiuliza wanaoishi ndani wanaonaje.

Siku moja muuza samaki wa mapambo alimwonyesha mmoja mwekundu, mpana kama kiganja, paji limefura.

"Huyu mkorofi," alimwonya. "Anakaa peke yake. Tangi lako lina wengine?"

"Halina kitu," fundi akajibu, macho makavu, akamnunua na kummimina pamoja na wenzake.

Aliporudi kuwajulia hali, dada yake alimfungulia mlango bila hata kumkaribisha. Maji ya tangi yalikuwa na ukungu. Samaki walijazana juu, midomo nje, wakitafuta pumzi. Wengine mapezi yalikuwa yamechanika. Mwekundu alikuwa katikati, ametulia kama mwenye nyumba. Yule mweupe ambaye binti alimwita Bibi Harusi alilalia ubavu kwenye kona, mkia umenyofolewa wote.

Shuka la binti lilikuwa limelowa na kikombe kilikuwa sakafuni.

"Nilitaka kumtoa huyo mwekundu kwa kikombe," alisema. "Mkono haukumfikia."

Fundi aliinamia tangi. "Yule muuzaji naye," akaanza, "hata hakuniambia kwamba..."

Akaisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa sauti ileile aliyosemea siku ya mtaro, nyepesi, yenye mtu wa kusingiziwa tayari. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Akachukua sufuria, akamwinda yule mwekundu, akamtia kwenye ndoo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu ajali, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuutazama mguu.

"Muuzaji aliniambia," akasema. "Mimi ndiye niliyemdanganya. Na mbao, mwanangu... mbao sikuziweka. Shoga yako hakuondoa kitu. Niliacha shimo wazi nikaenda zangu kunywa chai, halafu nikamtwika lawama mtoto wa watu. Nisamehe."

Mlangoni dada yake alishika kiuno. Fundi aliinamisha kichwa kungojea matusi. Angeyapokea yote, tena kwa shukrani.

Binti hakumtukana. Alikaa akimwangalia Bibi Harusi, ambaye sasa hata mashavu hayakucheza.

"Shoga yangu alikuja," akasema. "Siku niliyotoka hospitali. Alipiga magoti hapo ulipoweka miguu, akaapa hakuzigusa. Nikamwambia ni mwongo. Nikamwambia asinitazame tena maisha yake yote." Kidevu kilianza kumtetemeka. "Analia, Mjomba, na mimi namfukuza."

Fundi alitaka kumshika mkono. Mkono ukavutwa.

"Nenda kamwambie ulivyoniambia mimi. Mbele ya mama yake. Ningekwenda mwenyewe, lakini si unaona siwezi kutembea."