Sauti ya Babu Kwenye Simu ya Bibi

Nilitangaza rasmi, mbele ya ukoo wote, kwamba simu ya Bibi ilijisasisha yenyewe. Ukoo wote, siku hiyo, ulikuwa Bibi, Shangazi na paka. Na paka hakuniamini.

Sasisho lile lilibadilisha rangi, maandishi, hata mahali pa kupokelea simu. Hayo Bibi angeyasamehe. Ila liliondoa mlio, na mlio wenyewe ulikuwa sauti ya marehemu Babu, aliyojirekodi jikoni mwaka wake wa mwisho: "Bi mkubwa, simu hiyo! Usikimbie, utateleza!" Bibi alikuwa akiiacha iite mpaka ikatike, kisha anampigia mtu na kumwambia, "Hebu piga tena." Nami nikirudi likizo kutoka bweni, kabla ya kuvua viatu nilikuwa naipigia nikiwa sebuleni, nimsikie mzee akifoka jikoni kama zamani. Sasa ililia ting-ting, kama kengele ya duka la dawa.

Tuliipeleka kwa fundi simu, kibandani kwake. Aliigeuzageuza, akaguna.

"Mama, sauti imo humu. Lakini ilirekodiwa kwa programu ya zamani, na hii mpya haiisomi."

"Basi nirudishie ya zamani."

"Hairudi. Kiwanda kimeifunga njia ya kurudi. Nikilazimisha, inafuta vyote, na sauti nayo."

"Simu nimenunua mimi. Iweje ufunguo ashike mwingine?"

"Ndivyo zilivyo, mama."

Bibi aliifunga kwenye kitambaa kama kitu kinachosikia baridi. Njia nzima hakunitania hata kidogo.

Sasa, bweni zima linanijua kwa kuiga sauti. Jumapili moja niliwatoa wenzangu vitandani kwa sauti ya mwalimu wa zamu, wakafagia uwanja mpaka ukang'aa. Babu angenishinda? Nilijifungia bafuni na simu, nikakwaruza koo, nikamtoa Babu mzimamzima: ule ukali wake wa uongo, kile kikohozi cha mwishoni. Nikaurekodi mlio kwa programu mpya, nikairudisha simu jikoni, nikaipigia kutoka uani.

"Bi mkubwa, simu hiyo! Usikimbie, utateleza!"

Shangazi aliangusha mwiko. "Mama, imerudi! Imerudi!"

Bibi aliisikiliza mpaka ikakatika, ndipo akaniita.

"Mume mdogo, njoo hapa." Ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, utani wa bibi na mjukuu. "Umemwiga mume mwenzio vizuri. Hata kikohozi."

"Mimi, Bibi? Labda kiwanda kimeona aibu..."

"Siku ile anarekodi, nilikuwa nyuma yake nacheka. Kila simu ilipoita nilikisikia kicheko changu, kidogo, kwa mbali. Kwenye hii yako yupo peke yake."

Nilifungua mdomo nitoe mzaha. Ukanitoka ukweli.

"Bibi, haikujisasisha. Ni mimi. Nilitaka vile vikatuni vipya vya kutumiana, nimtumie Shangazi kuku mwenye kichwa cha Shangazi mwenyewe."

Shangazi akavua kandambili. Bibi akamzuia kwa mkono, macho yake kwangu.

"Na haikukuuliza kama una hakika?"

"Iliuliza, Bibi. Nikabonyeza Ndiyo."