Fundi wa Lifti Mbele ya Wapangaji

Miaka kumi na tisa fundi alikuwa ametambaa ndani ya mashimo ya lifti bila woga, lakini asubuhi hiyo ukumbini alitamani arudi humo. Wapangaji wa jengo zima la ghorofa tisa walikuwa wamemkodolea macho. Yeye ndiye wa kuwaambia kwamba lifti yao inafungwa wiki tatu.

Wifi yake, aliyejipatia riziki kwa kuchekesha watu jukwaani, alikuwa amemnyang'anya karatasi za hotuba jikoni alfajiri hiyo.

"Kurasa nne, wifi? Watakutafuna mzimamzima! Anza na jambo lililokupata kweli, hasa lile la aibu. Halafu nyamaza. Wasipocheka, usikimbilie maneno mengine."

"Nikisahau je?"

"Tafuta sura moja, uongee nayo."

Fundi akamtafuta mama mmoja safu ya mbele.

"Juzi nilinasa kwenye lifti yenu," alianza. "Nikabonyeza kitufe cha dharura. Simu ikaita mfukoni mwangu. Kumbe zamu ilikuwa yangu."

Hakuna aliyecheka. Ulimi ulimwasha aombe radhi, aseme lolote, lakini akajizuia. Yule mama akabana midomo, kicheko kikamponyoka, na ukumbi wote ukaangua vicheko.

Fundi hakucheka. Alisubiri watulie.

"Nilipotolewa nikakagua kamba za chuma. Nyuzi zimeanza kukatika. Siwezi kumruhusu mtu apande tena hadi zibadilishwe, wiki tatu."

Walikuwa wanasikiliza.

Mzee mmoja akasimama kwa taabu. "Mwanangu, sisi tuko ghorofa ya nane. Mke wangu anasafishwa figo hospitalini mara tatu kwa wiki. Atashukaje?"

Wifi hakumfundisha jibu la swali hilo.

"Baba, sijui," alisema. "Sitakudanganya. Nawauliza wenzako: tufanyeje?"

Watu wakatazamana. Mwanamume wa ghorofa ya chini, aliyeingia pale akifoka kuhusu lifti kuliko wote, akajikuna kisogo.

"Chumba cha binti yangu kiko wazi," alisema. "Mzee, hamieni kwangu hadi lifti ipone."

Mzee akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Fundi akaandika namba ya nyumba ya yule mwanamume, kisha akatafuta kiti.