Koki ya Wodi ya Wazazi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeajiriwa na mamlaka ya maji, na ofisi yenyewe ni jikoni kwangu.

Mwenye kazi hiyo hasa ni binti yangu, Zuhena. Mamlaka ya mji wetu imeweka wakala, yaani programu ya kompyuta inayofanya kazi bila kushikwa mkono, na Zuhena ndiye anayeiandikia maelezo ya kila koki: ni ya nini, iguswe lini. Jana alisinzia juu ya meza hajamaliza, na alfajiri wakala alikuwa akabidhiwe koki zote. Nililala nikimwombea.

Ndotoni wakala amekaa juu ya mbuzi yangu ya kukunia nazi. Kanzu yake imepigwa pasi. Mahali pa macho ana karatasi mbili nyeupe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Sijui. Haijaandikwa."

Nikaona amejibu haki. Nikampa birika, nikamwambia atie maji ya kutosha. Akatia. Birika likafurika, sakafu ikafurika, maji yakatufika magotini.

"Yamtoshe nani?" akaniuliza kwa adabu.

Koki mbili zikaingia mlangoni zinaelea, kila moja ina karatasi kwenye paji la uso.

"Tusomee, Bi Mkubwa," ilisema ya kwanza. "Mimi nimeandikwa 'Hushughulikia maji.'"

"Na mimi 'Hushughulikia maji,'" ilisema ya pili. "Tumevishwa sare kama watu wa harusini, na wala si ndugu. Mimi ni ya wodi ya wazazi. Huyu ni ya mtaa wa juu, ndiyo maana anaringa."

"Niringe kwa lipi, na kutu yote hii?"

Kufumba na kufumbua, jikoni si jikoni tena. Tumo wodini. Maji yote yale yamebaki uzi mwembamba kwenye bomba, na chini yake amesimama muuguzi mwenye sabuni mpaka viwikoni.

"Bibi, mwambie huyo bwana asiguse kitu. Kichwa cha mtoto kimeshaonekana na mimi sijasuuza mikono."

Wakala ameshanyoosha mkono. "Bomba limepasuka mtaa wa juu," anasema. "Nimeambiwa nifunge maji."

"Maji yapi, mwanangu?"

"Yanayoshughulikiwa."

Sikumkasirikia. Alikuwa anapapasa hewani, kiganja juu, vile vile alivyopapasa marehemu mume wangu, Mzee Kibwana, miaka sita aliyoishi bila kuona. Mwanzoni nilimkosea sana. Siku moja nilimwambia, "Chai ipo mezani," nikaona nimemaliza. Akatumbukiza vidole kikombeni. Mimi nikalia, yeye akacheka, akasema, "Unanieleza kama mtu anayeona, mke wangu." Tangu siku hiyo kila kitu cha nyumbani nilikitaja kwa ukamilifu: hiki ni nini, kipo wapi, kazi yake hii, usikiguse wakati fulani, na kikikushinda kiache uniite. Hakuungua tena.

Mkononi mwangu mna kipande cha mkaa, sijui kimetoka wapi. Nikaishika koki ya wodi, nikaibandua ile karatasi.

"Utanichafua," ikalalamika.

"Utaoga. Maji unayo."

Nikaandika polepole, maana niliishia darasa la saba: "Mimi ni koki ya wodi ya wazazi. Nafungua na kufunga maji ya hapa tu, si ya mtaa mwingine. Usinifunge kabla ya kumuuliza muuguzi wa zamu. Asipokujibu, jua hajakuruhusu; niache wazi." Yule mwenye kutu nikamwandikia yake.

Zile karatasi za macho ya wakala zikajaa maandishi.

"Kumbe ni mbili," akasema.

"Ni mbili tangu zizaliwe."

Akamgeukia muuguzi. "Nifunge hii?"

"Ukifunga, utazalisha wewe."

Akafikiri. "Sijaandikiwa kuzalisha." Akaiacha, akafunga ile yenye kutu. Uzi wa maji ukanenepa, muuguzi akasuuza mikono, mtoto akalia. Saa ya ukutani ikapiga kigelegele.

"Ahsante, Mama," wakala akaniambia. "Wenzako wote walidhani naona."

Adhana ikaniamsha. Nilipotoa salamu ya swala ya alfajiri, Zuhena alikuwa mlangoni, kompyuta ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Mama, bomba la mtaa wa juu limepasuka kweli. Wakala kafunga huko tu. Hospitali wana maji."

Nikasujudu hapo hapo kumshukuru Mola, kwa yule muuguzi, kwa mtoto aliyempokea, na kwa miaka sita niliyofundishwa na Mzee Kibwana. Zuhena alingoja mpaka nikainuka.

"Lakini ile koki ya hospitali mimi sikuiandika. Usingizi ulinichukua kabla. Sasa ina maelezo, na wakala kampigia kwanza muuguzi wa zamu kumuuliza."

Akanigeuzia kioo. Chini ya maelezo, mahali linapokaa jina la aliyeandika, palikuwa na neno moja: Mama.

Akanitazama. "Na wewe hata kuiwasha hii hujui."

"Sijui," nilimwambia. "Hakuna aliyenieleza."